Undugu na Ujirani wa Lugha Kaskazini mwa Kitui

Mji wa Tseikuru, ulio kaskazini kabisa mwa Kaunti ya Kitui, umezungukwa na lugha zisizotoka chimbuko moja. Upande wa Mto Tana, ng'ambo ni nchi ya Watharaka, na hata upande wa huku Watharaka ni wengi kiasi kwamba eneobunge la Mwingi Kaskazini lina wadi iitwayo Tharaka, jirani ya wadi ya Tseikuru yenyewe. Upande wa mashariki, ukishaipita Ngomeni na pori la Kora, inaanza nchi ya wafugaji wa ngamia na ng'ombe, Wasomali na Waorma, ambao kila ukame unapozidi husukuma mifugo yao kuelekea malisho ya Wakamba, na mara nyingi ugomvi hufuata. Kikamba ndicho lugha ya wenyeji, Kitharaka kinasikika na kueleweka kwa kiasi fulani bila mkalimani, ilhali Kisomali na Kiorma havieleweki hata chembe kwa asiyejifunza, na penye biashara wote hukutana katika Kiswahili.

Historia ya kuzilinganisha lugha hizi ina zaidi ya miaka 170, na imejaa makosa yenye mafunzo, kwa sababu walioifanya kazi hiyo walichelewa kutambua kwamba lugha mbili zinaweza kufanana kwa njia tatu zisizohusiana. Zinaweza kufanana kwa kuzaliwa, maana yake zilikuwa lugha moja zamani kisha zikaachana. Zinaweza kufanana kwa kukopana, maana yake wasemaji wake waliishi pamoja wakaazimana maneno. Tena zinaweza kufanana kwa umbo tu, yaani namna ya kujenga neno na kupanga sentensi, bila ya kuwa na asili moja wala kuwahi kukaribiana. Anayezichanganya njia hizi tatu huwapa watu nasaba wasiyo nayo, na katika Afrika Mashariki jambo hilo lilitokea, tena kwa mikono ya wasomi wakubwa.

Mwanzo wa habari ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa chama cha kimisionari cha Uingereza, Church Missionary Society, ambaye kabla ya kufika Mombasa mwaka 1844 alikuwa ameishi katika ufalme wa Shewa, Ethiopia, na huko alijifunza lugha ya Waoromo. Jambo hili hutajwa kwa haraka katika vitabu vingi vinavyomsifu kwa Kiswahili chake, ingawa lina uzito mkubwa: Krapf aliwasili pwani akiwa tayari na lugha ya Kikushi kichwani, na kwa hiyo alipokutana na Kiswahili, Kinyika (jina ambalo lugha za Wamijikenda ziliitwa wakati huo) na Kikamba, alikuwa na kitu cha kuvilinganisha navyo kilicho karibu na kisicho cha Ulaya. Mwaka 1846 aliungana na mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, kule Rabai, na mwezi Novemba 1849 akaondoka na msafara kwenda Ukambani, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake iliiunganisha nchi ya ndani na pwani. Ni akiwa huko ndipo, tarehe 3 Desemba 1849, alipouona Mlima Kenya kutoka mbali.

Alirudi Ulaya mwaka 1850, na katika mwaka huo huo vikachapishwa mjini Tübingen vitabu vyake kadhaa, kikiwamo kitabu cha sarufi ya Kiswahili, tafsiri ya Injili ya Marko kwa Kikamba, na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Orodha hiyo ndiyo inayohusika hapa. Iliweka katika safu sita Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na lugha ya Waoromo, ambayo Krapf aliiita kwa jina la Kigalla lililotumiwa na watu wa nje, na ambalo wenyewe leo wanalihesabu kuwa tusi. Msomaji akipitisha jicho kwenye mstari mmoja baada ya mwingine, safu tano za kwanza zinajibizana, na safu ya sita inasimama peke yake. Kiswahili kina mtu na watu, Kikamba kina mũndũ na andũ. Kioromo kina nama. Tano ya Kiswahili ni itaano kwa Kikamba. Kwa Kioromo ni shan. Nyama ni nyama katika Kiswahili na katika Kikamba, hata herufi haikubadilika.

Mwaka uliofuata Krapf alirejea Ukambani, akasafiri na Kivoi kuelekea Mto Tana, na mwezi Agosti 1851 msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa, naye Krapf akatangatanga nyikani akiwa na kiu kali kabla ya kupata njia ya kurudi pwani. Sehemu hizo za Tana zilikuwa mpaka wa watu wengi, na njia za biashara zilizokatiza hapo zilipitisha pembe, ng'ombe, watumwa, na pia maneno.

Wakati huo huo, mbali sana na Ukambani, swali kama hilo lilikuwa likiulizwa kusini mwa India. Robert Caldwell, mmisionari mwingine, alichapisha mwaka 1856 sarufi linganishi ya lugha za Kidravidia, yaani ukoo wa Kitamil na jamaa zake Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam, akathibitisha kwamba lugha hizo hazikutokana na Kisanskriti licha ya kujaa maneno yake. Hilo lilikuwa jambo kubwa na limesimama hadi leo. Lakini Caldwell hakuishia hapo; alidai pia kwamba Kidravidia kina undugu na lugha za Asia ya kaskazini na ya kati alizoziita za Kisithia, zikiwamo zile za Kituruki, ambamo Kiuzbeki ni mojawapo. Sababu iliyomvuta inaonekana wazi mtu akiweka neno la Kiuzbeki kando ya la Kitamil. Kwa Kiuzbeki nyumba ni uy, na «katika nyumba zetu» ni uylarimizda: uy ni nyumba, -lar ni wingi, -imiz ni «yetu», -da ni «katika». Kwa Kitamil nyumba ni vīṭu, na «katika nyumba» kwa wingi ni vīṭukaḷil: vīṭu, kisha -kaḷ ya wingi, kisha -il ya mahali. Lugha zote mbili zinapanga vipande nyuma ya shina kimoja baada ya kingine bila kuvivuruga, muundo ambao wanaisimu wa Kiswahili wanauita ambishi bainishi, na zote mbili zinaweka kitenzi mwishoni mwa sentensi. Ukiacha umbo ukaingia katika maneno yenyewe, undugu unatoweka: tatu ni uch kwa Kiuzbeki na mūṉṟu kwa Kitamil, tano ni besh na aintu. Dai la Caldwell juu ya Kisithia halikupata ushahidi wa sauti uliohitajika, na leo ukoo wa Kidravidia na ule wa Kituruki huhesabiwa kuwa mbalimbali.

Mtego huo ungeweza kumnasa hata Mkamba. Kikamba nacho ni lugha ya kubandika vipande, isipokuwa kwamba vipande vyake vingi hutangulia shina. Mahali huonyeshwa kwa kiambishi cha mwisho, nyũmbanĩ, jinsi Kiswahili kisemavyo nyumbani, lakini umoja na wingi huonyeshwa mbele ya shina, mũtĩ na mĩtĩ, kisha kiambishi hicho cha mbele huvuta kila neno linalofuata: andũ atatũ ni watu watatu, mĩtĩ ĩtatũ ni miti mitatu. Mpangilio huu wa ngeli, yaani makundi ya nomino yanayotawala upatanisho wa sentensi nzima, haupo katika Kisomali wala katika Kiorma. Lugha hizo za Kikushi hugawa nomino kwa jinsia, ya kiume na ya kike, huonyesha mengi kwa viambishi vya mwisho, na kitenzi chake kwa kawaida hukaa mwishoni. Kwa umbo basi Kisomali kinakaribia Kiuzbeki na Kitamil zaidi kuliko kinavyokaribia Kikamba cha jirani yake, na hakuna mwanaisimu anayechukulia hilo kuwa dalili ya undugu.

Jina la undugu wa lugha tano za Krapf lilipatikana mwaka 1862, pale Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyekuwa mkutubi mjini Cape Town, alipotoa sehemu ya kwanza ya sarufi yake linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika na kuziita Bantu. Kazi ya kukusanya iliendelea kwa mikono ya watu wa misheni: J. T. Last alitoa mwaka 1885 sarufi ya Kikamba pamoja na mkusanyo wa maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48 za Afrika Mashariki, na Wajerumani wa misheni ya Leipzig, waliokuwa na vituo Ikutha na Mulango huko Kitui, wakaendelea kuandika Kikamba hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi miongoni mwa Wakamba katika miaka ya 1911 na 1912, aliandika juu ya mila zao kitabu kikubwa ambacho bado kinasomwa, na baadaye maelezo ya sarufi. Orodha zilikuwa nyingi, na kilichopungua ilikuwa kanuni ya kuzisoma.

Kanuni hiyo aliileta Carl Meinhof, aliyechapisha mwaka 1899 kitabu cha fonolojia ya Kibantu, yaani elimu ya mfumo wa sauti zake. Msingi wake ni rahisi kuueleza, ingawa kuutumia kunahitaji subira: maneno mawili kufanana hakutoshi, sharti sauti zake zipishane kwa utaratibu ule ule katika neno baada ya neno. Mfano mzuri ni Kikamba na Gĩkũyũ. Mafuta ni maguta kwa Gĩkũyũ na mauta kwa Kikamba. Shamba ni mũgũnda na mũũnda. Saba ni mũgwanja na mũonza. Katika kila jozi g ya Gĩkũyũ imedondoka katika Kikamba, na katika jozi ya mwisho nj imekuwa nz. Njia ni njĩra kwa Gĩkũyũ na nzĩa kwa Kikamba, ambapo nj imekuwa nz vile vile, tena r imepotea. Na mbuzi, ambaye ni mbũri kwa Gĩkũyũ, amekuwa mbũi. Watharaka nao wanasema mbûri na njîra, wakiziandika irabu hizo kwa alama ya kofia pale ambapo Wakamba na Wagikuyu hutumia kiwimbi, na watu kwao ni antû, wakihifadhi t ya kale ambayo kwa Mkamba na Mgikuyu imekuwa d. Mtu wa Tseikuru anayemwelewa mnunuzi wa mbuzi kutoka ng'ambo ya Tana anaifanya hesabu hii bila kujua kuwa anaifanya. Masikio yake yamekwisha kujifunza kuirudisha r mahali pake.

Ipo tofauti nyingine iliyo maarufu katika vitabu na ambayo majina ya lugha zenyewe yanaionyesha. Mgikuyu huita lugha yake Gĩkũyũ, Mkamba huita yake Kĩkamba. Kiambishi ni kile kile cha ngeli ya ki-, lakini katika Gĩkũyũ k hugeuka g pale silabi inayofuata inapoanza na konsonanti isiyo na mghuno, yaani isiyotikisa nyuzi za koo, kama vile k au t. Mabadiliko haya yalipewa jina la Kanuni ya Dahl, kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari aliyekuwa Unyamwezi na ambaye aliyaona huko. Katika Kikamba cha leo kanuni hiyo haifanyi kazi tena kwenye viambishi, jambo mojawapo linalokitofautisha na jamaa zake wa Mlima Kenya.

Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu mwaka 1948 kwa herufi na tarakimu alizitia lugha hizi katika kundi moja, E50: Gĩkũyũ E51, Kiembu E52, Kimeru E53, Kitharaka E54 na Kikamba E55. Wanaoandika juu yake leo huliita kundi hilo Thagicu au Kibantu cha Kenya ya Kati. Inayoshangaza zaidi ni namba inayofuata, E56, ambayo ni Kidaiso, lugha ya watu wachache wanaoishi Bwiti na sehemu za karibu katika Mkoa wa Tanga, nchini Tanzania. Wadaiso wamezungukwa na Wadigo na Wasambaa, wamekopa maneno mengi kwa majirani hao, na hata hivyo chini ya mkopo huo lugha yao ni jamaa ya Kikamba na Gĩkũyũ, iliyobebwa kusini na watu waliohama kutoka maeneo ya Kenya ya Kati karne kadhaa zilizopita. Kwa hiyo Mkamba wa Tseikuru ana ndugu wa lugha mpakani mwa Usambaa, mamia ya kilomita kutoka kwake, huku Msomali anayenywesha ngamia katika kisima kimoja naye akiwa mgeni kabisa kwa nasaba ya lugha.

Kazi hii ya sauti ingemtosha Meinhof kujijengea heshima isiyo na doa. Mwaka 1912, hata hivyo, alichapisha kitabu juu ya lugha za «Wahamu», ambamo alikusanya pamoja lugha za Kikushi, Kifula, Kimasai na hata Kinama cha kusini mwa Afrika, kwa sababu ziligawa nomino kwa jinsia au kwa njia iliyomwonekania kuwa ya namna hiyo, na kwa sababu wasemaji wake walikuwa wafugaji waliodhaniwa kuwa wa damu bora. Kibantu chenyewe alikifanya zao la mchanganyiko wa Wahamu na watu wa Sudani. Hapa umbo la sarufi, kazi ya watu na rangi ya ngozi vilipewa nguvu ya ushahidi wa nasaba, na fikra hiyo ikapenya katika ripoti za kikoloni na vitabu vya shule, ikiwagawa watu wa Afrika Mashariki kuwa watawala wa asili na watawaliwa wa asili. Ni vigumu kumsamehe kwa hoja ya kwamba zama zake zote zilifikiri hivyo, kwa maana kipimo cha kulikataa kosa hilo alikuwa amekiunda yeye mwenyewe miaka kumi na mitatu kabla.

Aliyelivunja jengo hilo ni Mmarekani Joseph Greenberg, katika makala zilizoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1940 na kukamilishwa na kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya lugha za Afrika. Greenberg alishikilia kwamba nasaba ya lugha hupimwa kwa maneno na viambishi vinavyolandana kwa sauti na kwa maana kwa pamoja. Kuwa na jinsia ya nomino, kuwa na kitenzi mwishoni au kufuga ng'ombe hakuhesabiwi. Kwa kipimo hicho Kimasai kilitolewa kikapelekwa kwa Waniloti, Kifula kikarudishwa Afrika Magharibi, Kibantu kikawekwa kama tawi la ukoo mpana wa Niger-Kongo, na lugha za Kikushi zikaingia katika ukoo aliouita Kiafroasia pamoja na Kiarabu, Kiebrania na Kihausa. Undugu wa Kisomali na Kioromo nao ulisimama imara. Msomali huhesabu kow, laba, saddex, afar, shan, na Mworma, kama Waoromo wengine, husema tokko, lama, sadii, afur, shan. Maji ni biyo kwa mmoja na bishaan kwa mwingine, ngamia ni geel na gaala. Namba ya kwanza haifanani, na hilo halidhuru chochote, kwa maana ukoo hauhitaji kila neno libaki.

Kilichobaki kuelezwa ni ujirani, yaani nini hutokea lugha zisizo ndugu zikiishi pamoja kwa vizazi. Juu ya hili eneo la Tana limetoa mfano ambao wanaisimu wa nchi nyingine wanautaja. Chini ya Tseikuru, mto unapoteremka kupita Garissa, wanaishi Wailwana, ambao pia huitwa Wamalakote, watu wachache walioishi muda mrefu wakizungukwa na Waorma, ambao hadi miaka ya 1860 walikuwa na nguvu kubwa pande zote za mto. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 juu ya Kiswahili na kundi la Sabaki, walionyesha kwamba Kiilwana ni ndugu wa Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro. Mwaka 2000 Nurse alitoa kitabu kingine kilichokiweka Kiilwana bega kwa bega na Kidaiso, lugha mbili ndogo zilizozidiwa na majirani, ili kuona ni kitu gani katika lugha hushindwa kwanza na kipi hudumu. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo yenye manufaa. Kidaiso kilikopa kwa Wabantu wenziwe, kwa hiyo mkopo mwingine hujificha na huhitaji kanuni za sauti kuufichua. Kiilwana kilikopa kwa Waorma, maneno kwa wingi na hata sauti zisizo za Kibantu, na mkopo huo huonekana kwa urahisi kama kiraka cha rangi nyingine.

Kiuzbeki kilipatwa na jambo la namna hiyo hiyo katika miji ya Samarkand na Bukhara, ambako wasemaji wake waliishi karne nyingi pamoja na Watajiki wanaosema lugha ya Kiajemi. Lugha nyingi za Kituruki zina upatanisho wa irabu, yaani irabu za kiambishi hubadilika kufuata zile za shina; katika Kiuzbeki cha miji hiyo na katika Kiuzbeki sanifu upatanisho huo umepotea kwa sehemu kubwa, na maneno ya Kiajemi na Kiarabu yamejaa. Kwa Watamil mambo yalikwenda kinyume: tangu 1916 Maraimalai Adigal na wafuasi wake waliongoza harakati za kuyaondoa maneno ya Kisanskriti katika maandishi, na mengi kweli yakaondoka. Si kung'olewa kwa maneno ya kigeni wala kulegea kwa sauti kulikobadilisha ukoo wa lugha hizo.

Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 Wakamba walihesabiwa zaidi ya milioni 4.6, Wasomali karibu milioni 2.8, na Watharaka kiasi cha laki mbili na kitu, wakiwa na jina lao mbali na Wameru. Utengano huo wa majina ni wa kisiasa kadiri ulivyo wa kiisimu, kwa maana kwa muda mrefu waumini wa Tharaka walisoma Biblia ya Kimeru, na tafsiri ya Kitharaka ilipoandaliwa ilibidi kwanza kuamuliwe irabu saba za lugha hiyo ziandikwe vipi na maneno gani ni yao na yapi ni ya Imenti, lahaja ya Kimeru. Wakamba walikwisha kuupitia mjadala wa namna hiyo mapema zaidi, pale lahaja za Machakos, za Kitui na za Mumoni zilipolazimika kukutana katika Biblia moja iliyokamilika mwaka 1956, na msomaji wa Tseikuru, ambaye kwake milima ya Mumoni iko karibu kuliko Machakos, husoma ndani yake maneno ambayo nyumbani kwake hutamkwa kwa namna nyingine.